Bi Taratibu Anaondoka Mapokezi, na Dada Yake Atakaa Meza ya Mbele

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Bi Taratibu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye dirisha la mapokezi la hospitali yetu ya magonjwa ya akili. Jina hilo tulimpa sisi wenzake, maana hakuna familia iliyofika pale ikihema na kupiga kelele bila kuambiwa, "Taratibu, jamani, taratibu. Kaeni kwanza."

Alianza kama karani wa muda, akapanda hadi kuwa mkuu wa mapokezi. Kwa maneno kazi yake ni ndogo: kumpokea mgonjwa, kuwauliza waliomleta, kumkabidhi kwa muuguzi. Aliyewahi kumshikia zamu anajua uzito wake. Wapo waliomleta mgonjwa amefungwa kamba, naye hakuanza kuandika chochote mpaka kamba ifunguliwe. "Hapa hatupokei mizigo," alikuwa akisema, "tunapokea watu." Wapo waliotaka kuandikisha jina la uongo ili mtaa usijue. Hao aliwauliza kwa upole kama malaria nayo wangeificha.

Vichekesho navyo havikukosekana. Kuna siku ukoo mzima uliingia ukizozana, huyu kamshika yule shati, hata ikawa vigumu kujua mgonjwa ni yupi. Bi Taratibu akamkalisha baba mdogo aliyekuwa akifoka kuliko wote, akamsihi avute pumzi. Mgonjwa mwenyewe, kijana mpole aliyesimama pembeni, akacheka na kusema, "Leo mmempata."

Ningeweza kuishia kwenye mazuri kama haya. Lakini nilipomwambia kwamba naandika wasifu huu, alinipa sharti: "Ukiandika mazuri tu, siji kwenye hiyo sherehe ya kuniaga. Andika na la dada."

La dada ni hili. Miaka kumi na miwili iliyopita majirani walimleta mama mmoja kutoka mbali, gauni amelivaa ndani nje, usingizi umempaa siku nyingi. Alipomwona Bi Taratibu uso ukamng'aa. "Mdogo wangu! Kumbe uko hapa!"

Alikuwa dada yake wa tumbo moja, aliyemlea tangu mama yao alipofariki na kumsomesha kwa kushona nguo za watu. Sisi hatukujua. Wiki ile posa ya binti wa Bi Taratibu ilikuwa imeshapokelewa, na shangazi wa mchumba, ambaye ndiye mfamasia wetu, alikuwa ameegemea dirisha lilelile akipiga soga. Bi Taratibu akainamisha kichwa, akauliza kama anavyomuuliza mgeni yeyote, "Jina la mama yako mzazi?"

"Unaniuliza jina la mama?" dada akashangaa. "Kwani wewe humjui mama?"

Tulicheka. Naona haya kuliandika. Mimi muuguzi niliyempokea nilicheka, mfamasia akacheka, na Bi Taratibu akasema, "Anachanganya watu, maskini."

Daktari akayachukua maneno yale kama dalili ya ugonjwa. Dada akaanza kulala vizuri, akala, akawa anawasuka nywele wenzake wodini, lakini kila alipoulizwa kuhusu mtu wa mapokezi, jibu lilikuwa lilelile: "Ni mdogo wangu." Kila alipojibu hivyo, dawa iliongezwa na siku ya kuruhusiwa ikasogezwa mbele. Bi Taratibu aliyasikia hayo yote kwenye kikao cha asubuhi, akanyamaza. Aliniambia baadaye kwamba kila jioni aliazimia kusema, na bado kesho yake alinyamaza tena.

Ndipo siku moja daktari akaingia kikaoni amefurahi. "Yule mama amepata nafuu," akasema. "Jana amekubali mwenyewe kwamba yule si mdogo wake. Tunaweza kumruhusu."

Bi Taratibu akasimama. "Ni dada yangu," akasema. "Ndiye aliyenilea. Hajasema uongo hapa ila hiyo jana."

Mfamasia alitoka nje bila kuaga.

Nilimsindikiza Bi Taratibu wodini. Dada alikuwa kitandani akikunja shuka. Mdogo wake akapiga magoti. "Dada, ni mimi."

Yule mama akarudi nyuma hadi ukutani. "Sikujui," akasema haraka haraka. "Nimeshawaambia sikujui. Nataka kwenda nyumbani."

Ilibidi daktari aje mwenyewe amwambie kwamba tuliokosea ni sisi. Dada akatutazama mmoja mmoja, kisha akauliza, "Sasa nikisema ni mdogo wangu, mtaniruhusu?"

Aliruhusiwa siku hiyohiyo, akaenda kuishi kwa mdogo wake. Posa ilivunjika. Binti alilia sana, kisha akafuta machozi na kumwachia mama yake mkubwa chumba chake.

Tangu hapo, mgonjwa wetu akisema fulani ni ndugu yake, tunauliza kwanza. Kila mfanyakazi mpya wa mapokezi amesimuliwa kisa hiki na Bi Taratibu mwenyewe, hata kabla ya kuonyeshwa mahali pa kuweka mkoba. Dada ameugua tena mara kadhaa. Kila mara mdogo wake humleta kwa mlango wa mbele, amemshika mkono, na kusema, "Huyu ni dada yangu," kabla hajaulizwa na mtu. Juzi nilimuuliza kama aibu ile imekwisha.

"Haijaisha," akanijibu. "Nimejifunza tu kuibeba mwenyewe."

Bi Taratibu, tunakushukuru kwa kila kamba uliyoifungua, na kwa kutulazimisha kuandika hili ambalo tungelifunika. Tunakuombea afya, usingizi mwema na asubuhi ndefu zisizo na foleni dirishani. Ijumaa dada yako atakaa meza ya mbele. Tutapita mmoja mmoja kumpa shikamoo, na kuitikia au kutoitikia ni hiari yake.