Bi Asia na Pipa la Chumvi la Namela

Wasikilizaji wapendwa, mlio Chuno, mlio Nanyamba, na ninyi mlio mashambani chini ya mikorosho yenu, sogezeni redio karibu. Mimi ni Helena. Leo tunamkumbuka Bi Asia Nampembe wa kijiji cha Namela, aliyefariki Alhamisi iliyopita akiwa na miaka sitini na tatu.

Bi Asia ndiye aliyeingiza gugu maji katika bwawa la Namela. Na Bi Asia ndiye aliyelitoa. Tafadhali msinipigie simu kunigombeza kwamba namsema marehemu. Maneno haya ni yake. Aliniambia, "Helena, nikifa, ukinisifia la pili bila kulitaja la kwanza, nitakufuata huko huko redioni." Na mimi nilivyokuwa namwogopa yule mama, nayataja yote mawili.

Namela ni hapa hapa kwetu, ukielekea mlango wa mto Ruvuma. Bwawa lake si kubwa. Ukiita upande huu, mtu wa upande ule anaitika. Lakini mihogo inalowekwa pembeni mwake, nguo zinafuliwa hapo, mbuzi wanakunywa hapo, na perege wa kitoweo wanatoka humo.

Kazi ya Bi Asia ilikuwa kufua suruali za mpira. Mnazijua? Zile zilizoungana na mabuti, zinapanda mpaka kifuani, zina mikanda ya mabegani. Zinavaliwa na wavuvi wa mshipi, wale wanaovua kwa starehe, wapate kusimama majini bila kulowa. Hapa Mtwara wapo: watu wa bandarini, walimu, watu wa maofisini. Kila Jumamosi wanakwenda mlango wa mto, na wakirudi wanapita Namela kumwachia Bi Asia suruali zao. Maji chumvi yanakula mpira na nyuzi, kwa hiyo yeye alizisuuza kwa maji baridi ya bwawani. Na alijuaje kwamba chumvi imetoka? Analamba mkanda. Jamani, analamba! Akionja chumvi, suruali inarudi majini.

Mteja wake mmoja ni Godfrey, mfanyakazi wa bandari, mtu wa Mwanza. Mwaka mmoja alikwenda likizo kwao, akavua Ziwa Victoria wiki mbili. Siku ya kuondoka akaikunja suruali yake ikiwa mbichi, akaifungia ndani ya begi, akapanda basi. Begi halikufunguliwa mpaka Namela.

"Mama, hii nimetoka nayo nyumbani," Godfrey akamwambia. "Ina tope, nisamehe."

Bi Asia akacheka. "Tope la Mwanza na la Mtwara lina tofauti gani? Lete."

Akaisuuza bwawani. Kosa lilifanyika hapo, wasikilizaji, katika kazi iliyofanywa vizuri sana. Aliisugua mpaka kwenye mishono, tope lote likaingia bwawani.

Baada ya miezi kadhaa ukaota mmea mgeni, unaelea, majani yanang'aa, ua la zambarau. Bi Asia alilipenda ua lile kupita kiasi. Halima, binti yake, anasema: "Mama alitukataza kuling'oa. Siku ya harusi yangu alilichuma akaliweka kwenye glasi. Kila mgeni alikuwa anauliza, hili ua mmelitoa wapi?"

Misimu miwili ya mvua ikapita. Bwawa likawa halionekani. Ungepita ungedhani ni shamba la mboga. Ukitupa ndoo inakaa juu ya majani, haizami. Perege wakaanza kuelea wamekufa. Ndipo kijiji kikataka mtu wa kumlaumu, na mtu mwenyewe akapatikana haraka.

Alikuwa Sudi, jirani wa Bi Asia. Sudi alikuwa amechimba vibwawa vya kufugia perege, na vifaranga alivitoa Nanyamba. Basi, wakasema yeye ndiye aliyeleta gugu. Wakavifukia vibwawa vyake. Salamu zake zikawa haziitikiwi. Siku ya maulidi aliketi kwenye sinia, wenzake wakainuka mmoja mmoja wakahamia sinia lingine, akabaki na pilau peke yake. Na Bi Asia alikuwa mbele kabisa katika kumsema. "Nilimsema bwawani, nilimsema msibani," aliniambia. "Ulimi haukupoa."

Mwishowe akaja bwana samaki wa wilaya. Alikuwa amekwishapita Nanyamba, hakuona gugu lolote. Pale Namela macho yake yakaenda kwenye kamba ya nguo ya Bi Asia, zilikoanikwa suruali za mpira. Akachukua kijiti, akakwangua mshono wa buti moja, kikatoka kidonge cha tope kavu.

"Mbegu za gugu hili ni ndogo mno," akasema. "Zinasafiri kwenye tope kama hili. Je, kuna vifaa vya kuvulia vilivyowahi kuletwa hapa kutoka ziwani?"

Bi Asia akasema hajui.

Hajui! Alijua pale pale, wasikilizaji. Alilikumbuka begi la Godfrey, alikumbuka mpaka harufu yake. Lakini akiulizwa mbele ya majirani, akiwa na kazi anayoitegemea na jina zuri la miaka yote, mdomo ukasema hajui. Na mimi na wewe tusijifanye tungesema vingine.

Halima anasimulia: "Siku tisa mama hakula vizuri. Nikamuuliza, mama unaumwa nini? Akanijibu, naumwa Sudi."

Siku ya kumi kulikuwa na mkutano wa kijiji. Ajenda ilikuwa Sudi: ahame au asihame. Wakati watu wanazungumza, Bi Asia akaingia amevaa suruali ya mpira ya Godfrey juu ya gauni lake, mikanda mabegani, mabuti yanapwaya. Watu wakacheka, kwani nani asingecheka? Alipofika mbele, akasema, "Chekeni sasa, maana nikimaliza hamtacheka." Akawaeleza likizo ya Godfrey, begi, tope na ua la harusini. Kisha akamgeukia Sudi. "Mdogo wangu, huna kosa. Mimi ndiye. Na nilipoulizwa nilisema uongo, huku nakuona umekaa pale."

Sudi akainuka akaenda zake.

Kesho yake asubuhi Bi Asia akaingia bwawani peke yake na ile suruali. Akang'oa siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Watu wanapita, wanatazama, wanakwenda zao. Siku ya nne, Jumamosi, Godfrey akaja bila mshipi, akaingia naye. Siku ya sita Sudi akasimama ukingoni, mikono kiunoni. Akatazama weee, mpaka akachoka.

"Dada, unang'oa vibaya," akasema. "Unakata juu, vipande unaviacha. Kila kipande kitaota upya."

"Basi njoo ung'oe wewe unayejua," Bi Asia akamjibu.

Sudi akakunja suruali, akaingia. Hayo ndiyo maneno yaliyowapatanisha. Msamaha mwingine sikuambiwa, na niliwauliza wote wawili.

Kulitoa gugu lile kulichukua miaka mitatu. Walilivuta, wakalianika mbali na maji mpaka likawa kama majani ya kuezekea, wakalichoma. Mbegu zilizobaki chini zikaota tena, wakarudi tena. Na uani kwake Bi Asia akaweka pipa. Ndani yake maji na chumvi ya mawe, ile ya mashamba yetu ya chumvi, kali mpaka inawasha. Mwanamke aliyeishi kwa kuitoa chumvi sasa akawa anaitia! Buti lolote lililogusa maji ya kwingine lilisuguliwa kwa brashi, likalowekwa pipani, likakaa juani siku tatu. Maji machafu yalimwagwa mchangani, mbali na bwawa. Mkubwa mmoja wa ofisini aligoma, akasema viatu vyake ni vya bei mbaya. Bi Asia akamjibu, "Basi vipeleke vikavue kwenye beseni lako." Mkubwa akavua viatu.

Leo bwawa la Namela linaonyesha mawingu. Perege wapo.

Kwa Halima na ndugu zake, kwa ukoo wote wa Nampembe, kwa Godfrey, na kwa watu wa Namela, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Asia. Na wewe unayenisikiliza, kabla hujatoka na buti zako kesho, geuza nyayo utazame umebeba nini. Kisha jiulize kama kuna Sudi wako mahali, anayekula peke yake kwa jambo ulilofanya wewe. Kama yupo, mwendee angali hai, na wewe ungali hai.

Nilikuwepo siku ya mazishi. Wanaume waliporudi kutoka kaburini, wengi walikuwa na mabuti ya mpira, maana kulinyesha na wametoka mabondeni kwenye mpunga. Sudi alikuwa amesimama kando ya pipa, brashi mkononi, anawapanga foleni. Hakuna aliyebisha. Nami nilikuwa nimeshaingia garini, nawahi studio. Akanigongea kioo.

"Dada Helena, viatu."

Nikamwambia, kaka, mimi sijapita bwawani, nimekaa ndani na akina mama. Akasema, "Yeye angekushusha."

Nikashuka, nikampa. Akavisugua polepole, kimoja, kisha kingine, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Hakuyafuta. Mikono yake ilikuwa na chumvi.