Sahihi Mbili kwenye Kadi ya Breki

Sogeeni, wanangu. Fungeni mlango wa ua, na shemeji yangu akae hapa karibu na kichwa changu, maana nina maneno yake pia na sauti imeshaanza kunikimbia. Spana, mwanangu, weka simu mfukoni. Saa ya ukutani inasema saa nane kasoro robo, na dereva wa gari la kliniki anakuja kulichukua saa kumi, awapakie wagonjwa wake kumi na wawili wenye magongo awarudishe makwao kwa kupitia mteremko wa machimbo. Kazi ninayotaka kuwatuma inakula saa nzima na zaidi, kwa hiyo nina nusu saa ya kusema nanyi, kama kifua kitanipa hata hiyo. Najua mmekuja kusikia gereji naiacha kwa nani. Mtasikia. Lakini lile gari likitoka hapo uani kama lilivyo, mimi nitazikwa na roho za watu mabegani, na moja ninayo tayari, sina pa kuweka nyingine.

Mlidhani kitanda hiki nilikihamishia dirishani kwa ajili ya hewa. Miezi miwili nimelala hapa nikiwasikiliza mkifanya kazi. Gari la petroli likiwashwa na plagi moja imechoka, nalijua, linakohoa kama mimi. Dizeli ambayo chujio lake halijamwagwa maji naijua kabla haijatoka getini. Hata wewe Waya, binti yangu, ukiingia kwenye yale magari yako ya umeme najua, kwa sababu ua wote unanyamaza kama mmeingia msibani. Na breki nazijua kuliko vyote. Kubadili mafuta ya breki hapa kwetu ni kazi ya watu wawili, mmoja kwenye kiti na mmoja chini gurudumuni. Wa chini anaita kanyaga, shikilia, wa juu anaitikia nimeshikilia, mpaka yale meusi yaishe na masafi yatoke, gurudumu moja baada ya jingine hadi la nne. Jana gari la kliniki lilishinda hapo uani kutwa nzima. Nilisikia oili ikimwagwa, nikasikia tairi zikizungushwa, nikasubiri kusikia mtu akiita. Hakuna aliyeita.

Halafu mchana wa leo Spana ananiletea kadi za magari nizisome, kama kawaida, nami nakuta ya kliniki imeandikwa mafuta ya breki yamebadilishwa, na chini yake sahihi mbili. Usifungue mdomo, sijakuuliza. Ninyi wawili hamjasemezana wiki tatu, tangu daktari aliposema sitapona. Mnapishana uani kama watu wanaodaiana damu, kila mmoja anahesabu gereji ni yake. Wewe hukutaka kumwita dada yako akukanyagie pedeli, ukaandika tu. Na wewe Waya, usimtazame kaka yako kwa jicho hilo, maana sahihi yako imo. Aliiacha kadi mezani kwako, nawe ukaitia mkono bila kuuliza, kwa kuwa kuuliza kungekulazimu umsemeshe. Ni hivyo au nimekosea? Basi nyamazeni.

Mtaniambia pedeli ni ngumu, gari linasimama vizuri. Ndiyo, hapa kwenye tambarare linasimama. Yale mafuta yana miaka minne mle ndani, na mafuta ya breki hunywa unyevu kutoka hewani hata kifuniko kikifungwa vipi. Kwenye mteremko mrefu breki zinapata moto, yale maji yanachemka, na dereva anakanyaga pedeli inazama mpaka sakafuni kama anakanyaga mto wa kitanda. Hilo nimewafundisha wote wawili. Hakuna asiyelijua humu ndani.

Nipe maji. Kidogo tu.

Shemeji yangu, sasa ni zamu yako, na ninakuomba usiinuke mpaka nimalize. Mwaka ule mumeo, mdogo wangu wa tumbo moja, alileta pikapu yake ya dizeli hapa nimbadilishie mkanda wa taimingi. Tulikuwa tumenuniana kwa ajili ya kiwanja hiki. Aliiacha getini na ufunguo ndani, hata salamu hakunipa, nami sikutoka kumpokea. Nikaitazama siku mbili. Siku ya tatu nikabadili oili, nikafungua mfuniko, nikauona mkanda bado una sura nzuri, nikasema kwa kiburi chake huyu utamtosha. Nikaandika kwenye kadi kwamba nimeubadilisha. Mkanda ule hauonyeshi uzee kwa macho, unahesabiwa kwa kilomita, na hilo nililijua. Ulikatika akiwa analipita lori. Injini ilizimika katikati ya barabara, akabaki pale pale upande usio wake.

Watu walisema alikuwa amelewa. Hakuwa amelewa, shemeji. Pikapu ilivutwa ikaletwa hapa, nikaufungua ule mfuniko nikiwa peke yangu, nikaona kilichotokea, nikaufunga. Nikaenda msibani nikakaa na wale waliokuwa wakinong'ona habari za pombe, nikatikisa kichwa kama wao. Umeishi miaka kumi na tisa ukiitwa mjane wa mlevi, na watoto wako wamekua na jina hilo, na aliyewapa ni mimi. Nimeona aibu kila siku ulipoingia humu kunisalimia. Sikuombi unisamehe. Nimemwita mzee wa mtaa aje jioni na watu wake, niyaseme haya mbele yao, na nisipofika jioni, wanangu mtayasema ninyi, kwa sauti, hadharani, kama nilivyoyasema.

Kiwanja, kuanzia shimo la kukagulia magari hadi ukuta wa nyuma, kilikuwa chake. Leo ni chako. Ukitaka kujenga, wanangu watakuondolea vyuma vyao. Ukitaka kuwafukuza, wataondoka, na wasinung'unike.

Kinachobaki, na jeki, na kompyuta ya kupimia, na wateja, nimewaachia Spana na Waya pamoja, na hakigawanyiki. Nisikilizeni vizuri, maana kila mmoja wenu anamdharau mwenzake. Spana, unasema magari ya umeme ni vitu vya kuchezea. Yanakuja, baba, utake usitake, na lile la haibridi ulilolifungua mwezi jana ulisahau kusafisha feni ya betri iliyo chini ya kiti cha nyuma, dada yako akaifanya kimyakimya ili usiaibike. Waya, unasema oili na moshi vimepitwa na wakati. Wewe ndiye uliyemruhusu mwenye teksi ya gesi aondoke bila kupaka povu la sabuni kwenye viungo vya bomba kuona kama gesi inavuja, na kaka yako akamkimbilia hadi kwenye kona. Sikuambiwa, niliona hapa dirishani. La petroli, la dizeli, la gesi, la umeme, yote yana mafuta ya breki, na kuyabadili hapa kunataka miguu ya mmoja na mikono ya mwingine. Mkishindwa kufanya hiyo kazi moja pamoja, uzeni kila kitu mfunge geti. Ni heri lifungwe.

Sasa... subiri. Subiri kidogo.

Sasa mtatoka. Kadi msiichane. Ule mstari wa breki ukateni kwa kalamu, usomeke, na sahihi mpya zikae chini yake kazi ikishakwisha. Ufunguo dereva asipewe kabla. Akija mapema, wewe Spana utamwambia kwa mdomo wako kwamba tuliandika kazi ambayo hatukuifanya. Usiseme kulikuwa na foleni, usiseme kipuri kilichelewa. Atakasirika. Huenda kliniki wakatuhama. Wacha watuhame, wakiwa hai.

Radhi yangu mnayo, nyote wawili, sijawawekea kinyongo. Mungu awape mikono mizuri na... na usingizi. Usingizi mimi sikuupata. Watoto wenu wawaone mkicheka.

Shemeji, kama utaona vibaya kukaa na mimi, nenda tu. Nitakaa peke yangu, nimezoea.

Na nyie, roho ikinitoka mkiwa chini ya lile gari, mtu asiwaite. Na akiwaita, msiinuke. Malizeni gurudumu la nne kwanza... halafu ndiyo mje mnifumbe macho. Hilo nimewaruhusu, hakuna atakayewalaumu.

Saa nane na robo. Nendeni, wanangu. Mbona bado mmesimama.