Ndama Asiye na Kupe

Noah ya abiria wa Oldeani ilipotoka Karatu, Hyasinta alikuwa kwenye kiti cha nyuma, hajacheka tangu amzike mumewe. Mbele yake mfugaji mmoja, Mzee Sitonik, alimsifia mwenzake chanjo inayojaribiwa kwa ndama wake. "Kupe akinyonya tu, anakufa. Wangu hana hata mmoja!"

"Hongera, mzee," alisema mwenzake huyo, Qamara, mkulima. "Na humwogeshi dawa?"

"Wataalamu wa chanjo wamekataza. Leo wanakuja kuhesabu kupe. Mimi kila jioni namtolea wale wachache, kwa mkono tu."

Qamara alishika kichwa. "Mzee! Watajuaje kama ni chanjo au ni vidole vyako?"

"Nimwangalie tu akinyonywa? Kwenu Wairaqw ng'ombe ni jembe. Kwetu wafugaji ni mtoto."

"Waambie ukweli. Wakisifu chanjo isiyofaa, ng'ombe wetu sote watakwisha kwa ndigana, homa hii ya kupe."

"Nikisema, watamtoa ndama wangu kwenye jaribio!"

Hyasinta alijikuta anacheka. Marehemu mumewe alikuwa akichomoa kupe hata kwa ng'ombe wa majirani, akiwa amevaa suti yake ya kanisani.

Gari lilisimama. Wataalamu walikuwa wakingoja kando ya barabara. Sitonik alishuka taratibu, akiwasalimia kwa sauti kubwa, vidole amevificha ndani ya shuka.