Upande wa Buluu wa Mkufu wa Ng'washi Mayige

Kabula anafumua. Anasukuma ushanga mmoja hadi mwisho wa uzi, anaudondosha kwenye bakuli, anashika mwingine. Ni shanga nyekundu. Zile alizotunga mama yake mwisho ndizo zinazotoka kwanza.

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mama huyo. Ni Ng'washi Mayige, mtunga shanga wa hapa Bariadi, aliyefariki dunia Jumanne ya wiki iliyopita kwa presha. Alikuwa na miaka sitini na minne. Miaka arobaini alitunga shanga.

Alijifunza peke yake, kwa kufumua shanga kuukuu za bibi yake na kuzitunga upya. Uzi wake ulikuwa mshipi wa kuvulia samaki, aliouagiza kutoka Nassa, kando ya ziwa. Hakuwa na haraka. Kabula, anayeuza vitenge Binza kule Maswa, akija kusalimia na kujaribu kutunga, mama alimtania: "Mayu, mama wewe, mkono wako una pupa kama unachuma pamba ya jirani."

Kwa mzazi wa mapacha, Ng'washi alikuwa na utaratibu wake. Alianzia katikati, kwa ushanga mkubwa mweupe. Huo ni mama. Kisha nyekundu upande mmoja, buluu upande wa pili. Kila mtoto na upande wake.

Mkufu wake wa mwisho ulikuwa wa Mhoja, mkazi wa Mwamapalala. Mhoja alijifungua mapacha, mmoja akafariki akiwa na miezi miwili. Ng'washi alikuwa amemaliza upande mwekundu, wa mtoto aliye hai. Upande wa buluu ulikuwa bado uzi mtupu.

Baada ya matanga ya mama yake, Kabula hakutaka kumtonesha Mhoja kidonda. Akaukata ule uzi mtupu, akafunga fundo, mkufu ukawa bangili.

Alipopelekewa, Mhoja akaigeuzageuza mkononi. "Nzuri," akasema. "Na huyu mwingine umemweka wapi?"

"Niliogopa itakuuma, dada."

"Inaniuma hata hivyo. Mama yako alinikubalia kuwaweka wote wawili."

Mshipi uliokatwa ukiungwa, fundo linakwaruza shingo. Inabidi kuanza na mshipi mpya. Inabidi kufumua kila ushanga uliopangwa na mkono wa mama.

Shangazi yake, Specioza, alimshauri: "Tafuta nyekundu nyingine. Hizi zitunze, ndiyo kumbukumbu yako."

Kabula akajibu taratibu: "Mhoja alimwagiza mama, shangazi. Hakuniagiza mimi. Shanga za mama ni zake."

Kwa Kabula, kwa Specioza na ukoo mzima wa Mayige, poleni sana. Mhoja, pole nawe. Na sisi tujiulize: tukimsalimia mzazi aliyefiwa na mtoto, huwa tunamhesabia watoto wangapi?

Tulipoaga nyumbani kwa marehemu, shanga kumi na nane za Ng'washi zilikuwa bado kwenye uzi. Kabula aliushika ushanga uliofuata, akauachia. Akafunika kazi kwa kitambaa.

"Hizi kesho," alisema.