Thora Strachan na Dingo wa Vidole Viwili

Jioni ya Jumatano, tarehe 16 Agosti 2023, Thora Strachan alikaa ndani ya pikapu, mlango wazi, blanketi magotini, akamwelekeza mumewe Ewan namna ya kufukia mtego wa chuma kwenye njia ya kondoo iendayo bwawa la kaskazini, na alipoona udongo umesawazishwa mno akamwambia, "Profesa, unamtegea dingo au unamtandikia mtoto kitanda? Vuruga kidogo hapo." Akavuruga, wakarudi nyumbani, Thora akala kipande kidogo cha nyama ya kondoo na nusu ya kiazi, akamkataza mumewe asinawe kwa sabuni, ambayo dingo huinusa kwa mbali, kwa kuwa asubuhi mtego ungehitaji kutazamwa, kisha akaenda kulala. Hilo ndilo jambo la mwisho la kawaida lililotokea katika nyumba ile, na historia hii, iliyoandikwa na mumewe kwa niaba ya familia ili isomwe leo tunapomuaga, imeanzia hapo kwa sababu marehemu angetaka ianzie kazini.

Thora Quilty alizaliwa tarehe 9 Juni 1957 mjini Charleville, Queensland, mtoto wa pekee wa Desmond Quilty, mtega dingo, wale mbwa mwitu wa Australia, na mkewe Ailsa, akasoma kwa shule ya redio hadi mwaka 1969, kisha shule ya bweni Toowoomba, ambako alidumu miaka minne na kufukuzwa mara moja, kwa sababu ya chupa ya mkojo wa dingo, chambo cha mitegoni, iliyopasuka chini ya kitanda chake. Baba yake, kwa desturi ya huku, aliwaning'iniza dingo aliowaua kwenye mti wa njia panda ili majirani waione kazi yake, lakini Thora, tangu alipoanza kutega peke yake mwaka 1975, aliwafukia wote, akisema kwamba aliyekwisha kufa hana tena deni la kuonyeshwa watu.

Mwaka 1983 Ewan Strachan alifika kutoka chuo kikuu kuwachunguza kangaruu wadogo wa miambani, ambao walikuwa wakipungua kwa kuliwa na dingo na mbweha, na Thora alipomkuta na darubini yake juu ya jabali alimwambia, "Basi wewe hesabu wanaoliwa, mimi nitashughulika na wanaokula." Walifunga ndoa tarehe 14 Septemba 1985 katika ukumbi huu huu, wakalichukua shamba la Wirrabilla pamoja na kondoo wake, na tarehe 2 Mei 1988 wakajaliwa binti yao, Una, ambaye yuko nasi. Mumewe hakupata kuwa profesa, lakini jina hilo alipewa na mkewe na hakuwahi kunyang'anywa, na chupa ya mkojo iliishi kwenye friji yao, pembeni ya maziwa, kwa miaka thelathini na minane.

Uzio mrefu unaozunguka mashamba yetu tisa ulikamilika Novemba 2016, na sehemu kubwa ya mstari wake aliipima Thora kwa miguu, na kufikia mwaka 2019 hapakuwa na dingo hata mmoja ndani yake, kangaruu wa miambani wakaanza tena kuonekana na watoto mifukoni. Lango la barabara kuu liko katika shamba la Bw. Mervyn Haack, afugaye ng'ombe, naye alikuwa akiliacha wazi kwa ajili ya jamaa zake wawindao nguruwe. Katika mkutano wa Machi 2020, mbele ya wengi walioketi hapa, alimwambia marehemu, "Dingo hawali ng'ombe wangu, Thora. Wewe ndiye uliyechagua kufuga chakula chao." Naye akajibu, "Sikuombi uwapende kondoo, Merv. Nakuomba ufunge lango. Hata kuku wangu wanajua banda linafungwaje." Watu wakacheka, lango likabaki wazi.

Dingo mmoja aliingia mwezi wa Mei mwaka ule. Bw. Haack, alipoambiwa amwondoe, alitega mtego mmoja kwa haraka, akaenda kwenye mashindano ya farasi katika mji wa Roma, huku huku Queensland, bila kuutazama tena, na mnyama akajinasua akiacha vidole viwili vya mguu wa kushoto wa mbele katika chuma. Kila mtega dingo anajua maana yake, kwamba mnyama aliyeumwa na mtego akapona hauamini tena udongo uliotifuliwa, na huyo hakuuamini kwa miaka mitatu, akaua kondoo Wirrabilla na kuwaacha wamelala bila kuwala, akapanda hadi miambani, na watoto wa kangaruu wakatoweka tena.

Tarehe 21 Februari 2023 Thora aliambiwa ana saratani ya utumbo mkubwa, na daktari akataka kumpasua mwezi wa Machi. Alikataa, akisema kondoo watazaa Juni na hawezi kuwaachia yule dingo, na Una alipomsihi alimjibu, "Mwanangu, mimi nina daktari, wao wana mimi." Alilazwa Toowoomba tarehe 10 Julai, ugonjwa ukiwa umeshaenea, na alipoogeshwa kwa sabuni ya manukato aliwaambia wauguzi kwamba sasa dingo watamnusa kutoka kilomita kumi. Daktari, alipoulizwa na mumewe moja kwa moja, alisema miezi ile ingeweza kumfaa na ingeweza isimfae, na mumewe ameyaandika yote mawili kwa sababu yote mawili yalisemwa, ila analala na moja tu. Siku waliporudi nyumbani Thora alisema, "Wale wengine nimewafukia wote. Huyu mpelekee Merv, ni mwanafunzi wake."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Toowoomba, muuguzi wa Charleville aliyesafiri kila wiki kumtazama, wafanyakazi wa uzio, na majirani wa mashamba saba walioleta chakula na kulisha kondoo. Mashamba ni tisa, moja ni letu, na ambaye hakutajwa asidhani amesahauliwa.

Thora alifariki Alhamisi, tarehe 17 Agosti, kabla ya mapambazuko. Mumewe alimwita Una, akampigia simu daktari, na kwa kuwa aliyetega hana ruhusa ya kumwacha mnyama katika chuma, na kwa kuwa mikono yake ilipaswa kubaki bila sabuni ikiwa mtego ungehitaji kutegwa upya, hakumwogesha mkewe, kazi hiyo akaifanya binti yao, naye akaenda bwawa la kaskazini. Dingo alikuwa amekamatwa kwa mguu wa kulia, ule wa vidole viwili umesimama juu ya udongo uliovurugwa. Alimpiga risasi moja, akampakia, akaendesha hadi lango la barabara kuu, ambalo lilikuwa wazi, akamfunga hapo kwa waya, kichwa chini. Bw. Haack alitoka zizini, akasema, "Ewan, vipi hali ya Thora?" akajibiwa, "Amefariki alfajiri." Akavua kofia, akasema, "Mungu wangu. Pole, bwana. Na huyu je?" akajibiwa, "Huyu ni wako. Kakuletea yeye." Bw. Haack hajamshusha mpaka leo, sababu anaijua mwenyewe, na ninyi nyote mlioingia kwa barabara ile mmempita.

Kisha Ewan akalivuta lango, akapitisha mnyororo, akarudi nyumbani, akanawa mikono kwa sabuni, akaingia chumbani kumshika mkewe.

Lala kwa amani, Thora. Lango limefungwa.