Maandishi ya Chini

Tulikuwa kwenye basi tukitoka tamasha la filamu za Ulaya, lile la kila mwaka, na fundi friji aliyekaa mbele yangu alikuwa bado analalamika.

"Dada, mimi nilikwenda kutazama filamu, siyo kusoma! Ukimwangalia mtu usoni, maandishi ya chini yameshapita. Mwakani watie sauti za Kiswahili. Nitawaambia." Kwa sauti ile, nadhani walishamsikia.

"Usiwaambie, kaka, nakuomba," akasema mwanamke aliyekaa naye. "Huyu hapa dirishani ni mume wangu, hasikii. Filamu zetu hazina maandishi. Watu wakicheka ananigusa bega, namweleza kwa mikono, nikimaliza kicheko kimeshapoa. Hawa wa tamasha, Mungu awazidishie."

"Sawa, lakini macho yangu, dada..."

"Leo amecheka kabla yangu. Tangu tuoane, leo ndiyo mara ya kwanza mimi kumgusa bega nimuulize kuna nini."

Basi likasimama kituoni kwao. Mume akamuaga fundi kwa mkono. Fundi, ambaye njia nzima hakuishiwa maneno, naye akainua wake, kimya.