Chupa ya Tano

Mheshimiwa Mkuu wa Kitivo, Daktari Asparuh Genov, Mheshimiwa Mkuu wa Idara ya Sosholojia, Profesa Kalina Tomanova, waheshimiwa wahadhiri, ndugu wageni waalikwa, wazazi wenzangu, ambao asubuhi hii tulipoulizwa nani atazungumza kwa niaba yetu mliinama mkatazama viatu vyenu kana kwamba ndiyo kwanza mnaviona, na ninyi wanafunzi wa mwaka wa kwanza, mliovaa mashati yaliyopigwa pasi na mama zenu: nawasalimu nyote kwa heshima.

Jina langu ni Ognyan Dochev, natoka Vidin. Kazi yangu ni kuendesha basi la masafa marefu: Jumamosi naondoka Vidin kwenda Vienna, Jumatatu naligeuza narudi. Dereva huzoeshwa kutazama mbele, na ndiyo maana sikuwahi kuinama kama wenzangu. Mniwie radhi mkiona mikono yangu inatangatanga hapa mezani, kwa maana haijazoea kukaa bila usukani, na mimi mwenyewe nimezoea watu wawe nyuma yangu, nusu yao wamelala.

Nimeombwa niseme maneno ya kutia moyo. Ndugu zangu, nimejipekua nimeyakosa. Nilicho nacho ni wasiwasi, tena mwingi, na nadhani wazazi wenzangu, mkiacha kujikaza, mtakiri kwamba nanyi mnao. Leo jioni, kabla ofisi ya idara haijafungwa, kila mmoja wa watoto hawa anatakiwa awe amekabidhi mpango wake wa masomo, kuanzia muhula wa kwanza mpaka tasnifu. Shahada nzima! Watoto ambao asubuhi hii walikuwa hawajui wavae soksi zipi! Binti yangu Zornitsa, ambaye nyumbani tunamwita Zori, amekaa pale mstari wa tatu. Mpango wake haujakamilika, na aliyeukwamisha ni mimi baba yake.

Naomba nieleze.

Mwezi wa saba jina lake lilipotoka kwamba amechaguliwa kusoma sosholojia, nilikutana ngazini na jirani yetu, Mzee Lyuben. Nikampa habari.

"Sosholojia?" akasema. "Hao wanatibu nini?"

"Hawatibu, Mzee."

"Aa, basi wanajenga."

"Hawajengi pia."

Mzee Lyuben akanitazama kwa huruma, akanipa mkono wa pole kana kwamba nimefiwa, akapanda zake juu. Je, mnadhani nilicheka? Sikucheka. Nilikaa garini nikajiuliza swali lilelile: mwanangu atakula nini? Atafanya kazi gani, na wapi? Hilo la wapi ndilo lililonikaba zaidi, kwa sababu pale kwetu jibu lake huwa moja, nje ya nchi, na mimi ndiye ninayewapeleka vijana huko.

Mwezi uliofuata Zori akanijia nikiwa nakagua oili.

"Baba, nataka kupanda basi lako. Bure lakini."

"Uende wapi?"

"Kokote linakoenda. Nataka kupanga masomo yangu vizuri, sasa nitapangaje bila kujua nataka kuuliza nini?"

"Si utapangiwa na walimu?"

"Baba nawe! Kuna masomo ya lazima na ya kuchagua. Nikichagua ovyo nitasoma miaka minne halafu nitoke mtupu. Mimi nataka kujua kwa nini watu wanaondoka. Darasa langu lote liko kwenye basi lako."

Nikampa kiti cha nyuma yangu.

Ninyi mliotoka upande wetu wa nchi hamhitaji kuambiwa kilichomo ndani ya buti ya basi kama langu. Ni chupa. Chupa za kioo za mdomo mpana na mfuniko wa bati, zimejaa pilipili hoho za kuchomwa, lyutenitsa, ule mchuzi wetu mzito wa hoho na nyanya, matango, jamu ya matunda ya damsoni. Kila mama huja kituoni na mfuko wake, na kila mama, akishanikabidhi, hunipigia kelele nikiwa nimeshafunga mlango: "Mwambie chupa tupu zirudi!" Nazo hurudi. Narudi Vidin buti likigongana kwa chupa tupu kiasi kwamba kwenye mashimo nashindwa kusikia redio.

Kwa miaka mingi hizo chupa tupu zilikuwa kipimo changu. Kijana akiondoka huniambia kwenye ngazi za basi, "Mwaka mmoja tu, kaka Ogi." Wote husema hivyo. Mimi nangoja chupa. Zikija zimeoshwa na mifuniko yake, najua moyo wake bado uko nyumbani. Zikianza kuja bila mifuniko, naanza kupata shaka. Zisipokuja kabisa, basi, nimeshamhesabu kuwa amekwenda. Hivyo ndivyo nilivyomhesabu Kamen, mtoto wa Mama Tsveta wa mtaa wetu, fundi wa kuchomelea vyuma. Chupa zake zilikoma. Na mama yake kila Jumatatu alikuwa akisimama kituoni na koti lake la kijani.

"Hazijaja, Ogi?"

"Labda wiki ijayo, Mama Tsveta."

Ndugu wageni waalikwa, mnajua uzito wa kusema "labda wiki ijayo" kwa mwaka mzima, kwa mtu ambaye anajua kwamba unajua? Akawa ananunua chupa mpya dukani ili aendelee kumpelekea.

Sasa tulipofika Vienna safari ile ya Agosti, mimi nikaenda kulala kama madereva wote. Zori akachukua anwani ya Kamen, akaenda akagonga mlango. Akakaribishwa kahawa. Akauliza, hivihivi, bila aibu: "Kaka Kamen, mbona hurudishi chupa za mama?"

Kamen akanyanyuka, akafungua kabati la jikoni. Zilikuwa humo zote, zimeoshwa, zimepangwa mpaka juu, kila moja na mfuniko wake. Akamwambia, "Nikimpa baba yako zote hizi, mimi nitabaki na nini cha kunirudisha? Hizi nitazipeleka mwenyewe."

Zori alinisimulia habari hiyo tukiwa njiani, katikati ya nchi ya Hungaria. Nikapitiliza njia ya kutokea, jambo ambalo halijawahi kunipata tangu nishike leseni, na abiria wakaanza kunipigia makofi ya kejeli.

"Baba, miaka yote hii ungemuuliza tu," akaniambia.

"Kuuliza ni kazi yako. Yangu ni kuendesha."

"Na kile kipimo chako cha chupa? Ule haukuwa utafiti, baba. Ule ulikuwa wasiwasi umevaa miwani."

Mheshimiwa Profesa, naona unacheka. Mimi siku ile nilitaka kumshusha. Lakini nilipofika nilimwambia Mama Tsveta. Jumamosi iliyofuata akaniletea chupa mbili badala ya moja. Nikamuuliza, mbona mbili? Akajibu, "Tutaona hilo kabati lina ukubwa gani."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa sosholojia ni nini, japo ukiniuliza sasa hivi nitashindwa kukueleza. Na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipozidi, badala ya kupungua, kwa sababu niliona mtoto wangu ana kipaji cha kazi hiyo, na kwetu wenye vipaji ndio wanaopanda basi.

Septemba ikaja, na ninyi mnajua nyumba zetu Septemba zikoje. Kichoma hoho kiko roshani, moshi umejaa sebuleni, mke wangu Nevena anakoroga sufuria, mama mkwe wangu, Bibi Gana, anamenya maganda. Zori akachukua chupa nane zilizojaa, akazipanga mezani.

"Hizi ni mihula yangu minane," akasema. "Ya kwanza, utangulizi. Ya pili, mbinu za utafiti. Ya tatu..." Nikamwona anaisukuma chupa ya tatu nyuma ya bakuli la sukari.

"Hiyo unaificha ya nini?" akauliza bibi yake.

"Hiyo ni takwimu, bibi. Inaweza kusubiri."

"Itoe hapo! Hesabu haziogopi bakuli."

Tukacheka, chupa ikarudi mahali pake. Ya nne, ya sita, ya saba, ya nane ya tasnifu. Lakini ya tano akaibeba, akavuka jikoni, akaiweka kule kwenye kizingiti cha dirisha, peke yake. Nevena akaacha kukoroga.

"Mbona hiyo umeiweka kule?"

"Hiyo ni ya nje, mama."

"Nje wapi, roshani?" akauliza Bibi Gana.

"Nje Vienna, bibi. Ni muhula mmoja tu."

Mmesikia? Muhula mmoja tu. Sentensi ileile ya ngazini, safari hii jikoni kwangu, kwa sauti ya mwanangu. Usiku chupa ile ilikuwa dirishani, lakini asubuhi tulipoamka ilikuwa imerudi mezani na wenzake. Zori akaitoa tena akairudisha dirishani. Kesho yake ikawa mezani. Mpaka leo sijui ni nani kati yetu watatu aliyekuwa akiihamisha, maana siku ambayo mimi sikuigusa, ilihama vilevile.

Wiki iliyopita wanafunzi wapya waliitwa kuja kuonana na walimu, na Zori akamweleza Profesa Tomanova mpango wake. Profesa akamsikiliza, akamwambia, "Umepanga kuwauliza wote walioondoka. Ambaye hakuondoka, umemuuliza?"

Mheshimiwa Profesa, nakuheshimu sana, lakini swali lako lile liliniharibia chakula cha jioni. Maana mtoto alirudi Vidin, akakaa mezani, akaweka kijiko chini.

"Baba, wewe kila Jumapili unaamka Vienna. Ungeweza kubaki siku yoyote. Mbona hukubaki?"

Nikasema naenda kutazama upepo wa tairi.

Kesho yake akauliza tena. Nikatazama tairi tena. Akaniambia, "Baba, tairi zako zina upepo wa kutosha. Sikabidhi mpango mpaka unijibu." Na mtoto huyu, mama yake ni shahidi, akisema ndiyo amesema. Leo tumetoka nyumbani, Bibi Gana katumwagia maji ngazini ili mambo yatiririke vizuri, nikateleza nusura nivunjike kiuno. Tumesafiri mpaka hapa Sofia, tumekaribishwa kwa mkate na chumvi mlangoni, na mpango wake bado una nafasi tupu katika muhula wa tano.

Kwa hiyo, kwa ruhusa yako Mheshimiwa Mkuu wa Kitivo, hotuba ya wazazi inaishia hapa. Nawashukuru walimu wote mnaowapokea watoto wetu; wafundisheni takwimu hata wakijificha nyuma ya sukari. Nawashukuru wazazi wenzangu kwa kunisukuma mbele. Yaliyobaki ni jibu langu kwa mtu mmoja.

Zori. Ulikuwa bado hujaota meno. Bwana mmoja wa Vienna alinipa kazi ya basi la mjini, mshahara mzuri, kila siku nalala kitandani kwangu, na ninyi mngenifuata baadaye. Nikamwambia sawa. Nikaenda kwenye basi kuchukua begi langu. Nikafungua buti, mwanangu, likawa limejaa chupa tupu za mama wa watu, na juu yake ilikuwa ile ambayo mama yako alinitilia maharage ya njiani. Nikasimama pale nikajiuliza, hizi atazirudisha nani? Nikafunga buti, nikawasha gari.

Basi. Hakuna kingine. Wewe umesoma vitabu, nilijua unangoja niseme nchi yangu, au mapenzi, au kaburi la baba yangu. Nilirudi kwa sababu ya chupa za watu. Nimeona aibu kukwambia, na nimeogopa pia; niliogopa kwamba ukijua kilichonirudisha ni kidogo kiasi hicho, utaona kumbe kinachomshika mtu nyumbani ni chepesi namna hiyo, na wewe utakosa hata hicho.

Bado naogopa. Niko hapa mbele ya wasomi hawa wote nikiwa naogopa, wala sitegemei kuacha. Lakini Kamen amemfundisha baba yako jambo kupitia mdomo wako, na Mama Tsveta ameniongezea. Kwa hiyo ukitoka hapa, nenda ofisini kabla hawajafunga, ujaze ule muhula wa tano. Chupa iache dirishani, na mimi sitaigusa. Mama yako na bibi yako nitawalinda wasiiguse.

Kila Jumamosi nitakuletea chupa, mbili mbili. Tupu usinipe. Hata ukizileta kituoni zimeoshwa na mifuniko yake, nitafunga mlango wa buti, na nitakuwa siku zote nimechelewa. Ziweke kabatini kwako, zote. Likijaa, utapanda nazo wewe mwenyewe, na kile kiti cha nyuma yangu sitampa mtu.

Ndugu zangu, asanteni kwa kunikopesha masikio yenu.